Kumlisha ng'ombe wa nyama ili ashike mimba kwa wakati

Ng'ombe hubeba mimba kwa takriban siku 283. Kwa hiyo mfugaji wa Kiruhura au Nakasongola, Uganda, anayetaka ndama mmoja kila mwaka ana siku zipatazo 80 tu baada ya ng'ombe wake kuzaa ili apandwe na kushika tena. Lishe ya miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu ng'ombe anayezaa akiwa amekonda huelekeza chakula kwenye uhai wake na maziwa ya ndama, na joto (hali ya kutaka dume) huchelewa kurudi.

Msimamie ubavuni umtazame: mbavu zote zikihesabika kwa macho na mifupa ya nyonga ikichomoza, mwongezee hei (nyasi zilizokaushwa), majani ya lablab (mmea wa jamii ya kunde) au maganda ya matoke kabla hajazaa, maana kumnenepesha akishaanza kunyonyesha ni kazi ghali (wengi hulikumbuka hilo kiangazi cha Juni hadi Agosti kikiwa kimeshauma). Unene uliopindukia nao huleta uzazi mgumu.

Mitamba walishwe peke yao, kwani ng'ombe wakubwa, hasa wa aina ya Ankole wenye pembe ndefu, huwasukuma kutoka horini.