Namna ya Kuimarisha Besi katika Seti Yenye Spika Nyingi

Mtu anayenunua seti ya sabufa (spika kubwa ya sauti nzito) yenye spika tatu au tano katika duka la Kampala au Mbale hutarajia mdundo mzito, na akifika nyumbani akasikia mlio mkavu, hupandisha kitufe cha besi hadi mwisho. Mara nyingi shida haiko hapo. Besi hupotea kwa sababu spika zenyewe zinapingana: moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mawimbi yanayokutana kwa namna hiyo hufutana. Kazi ya kwanza, basi, ni kuzipatanisha spika kabla ya kuongeza nguvu au kutoa shilingi zaidi.

Anza na waya. Zima seti, chomoa plagi ukutani, kisha toa waya za spika nyuma ya amplifaya. Chukua betri moja ndogo ya volti 1.5, na uziguse ncha zake mbili kwa waya mbili za spika kwa muda mfupi tu, huku ukiitazama koni ya spika, yaani ile sehemu ya mbele inayotetema, kwa upande. Utasikia mlio mdogo, na koni itaruka kidogo. Ikitoka mbele, waya iliyogusa upande chanya wa betri ndiyo chanya ya spika hiyo. Ikirudi ndani, waya hiyo ni hasi. Funga utepe mwekundu kwenye kila waya chanya, pima spika zote moja baada ya nyingine, kisha rudisha waya zenye utepe kwenye matundu mekundu ya amplifaya. Usizipime kwa betri zile spika ndogo za sauti nyembamba ziitwazo twita, kwa kuwa koili yake ni laini mno, wala spika zenye amplifaya ndani.

Kosa hili huiathiri besi kuliko sauti nyingine kwa sababu ya urefu wa mawimbi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la besi la 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, na spika mbili zilizoachana kwa mita moja au mbili ni kama ziko mahali pamoja mbele ya wimbi hilo. Zikipingana, hufutana karibu kabisa. Mawimbi ya sauti nyembamba yana urefu wa sentimita chache tu, kwa hiyo uimbaji bado husikika vizuri, na msikilizaji hashuku chochote.

Hatua inayofuata ni kugawa kazi. Spika ndogo za pembeni haziwezi kutoa sauti nzito, na kuzilazimisha ni kuzipasua. Kama seti yako ina kitufe cha krosova, yaani kinachoamua sauti zipi ziende kwenye sabufa na zipi kwenye spika ndogo, kiweke 80 Hz ikiwa spika za pembeni ni kubwa kiasi, au kati ya 100 na 150 Hz ikiwa ni ndogo. Kama sabufa ina swichi ya 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa msukumo wa koni yake, cheza wimbo mmoja wenye gita la besi linalosikika wazi (kadongo kamu, muziki wa gita wa Uganda, hufaa sana), kaa mahali unapokaa siku zote, mwombe mtu aigeuze swichi, kisha uchague upande unaotoa besi nzito zaidi.

Kasha nalo lina sehemu yake. Wasoga wanaopiga embaire, ile marimba kubwa ya mbao, huchimba shimo chini ya vipande vyake ili hewa iliyomo ivumishe sauti, na tundu la sabufa hutegemea hewa ya ndani ya kasha vivyo hivyo. Tundu hilo lisizibwe na pazia wala kusukumwa hadi kugusa ukuta. Lakini nyufa za maungio lazima zizibwe kwa gundi ya mbao au silikoni. Pitisha kiganja kwenye maungio wakati muziki unapigwa. Ukihisi upepo, umeipata nafasi inayovujisha besi.

Kuhusu mahali pa kuiweka, kona huongeza besi kwa sababu kuta mbili na sakafu huirudisha sauti chumbani, ingawa katika nyumba ya mabati inaweza kuamsha mtetemo wa paa usiopendeza. Njia ninayoiamini zaidi ni hii: weka sabufa juu ya kiti chako, cheza muziki, kisha tembea ukiwa umeinama kando ya kuta. Pale unaposikia besi ikiwa nzito na safi ndipo pa kuiweka.

Kompyuta mpakato zenye spika nne zina tatizo la aina yake. Wakati mwingine, hasa baada ya kubadilisha mfumo endeshi, ni spika mbili tu zinazopelekewa sauti, na zile za besi hukaa kimya. Weka draiva ya sauti kutoka kwa mtengenezaji. Katika Linux, programu ya hdajackretask huweza kuziamsha.

Ukishamaliza hayo ndipo uguse ekwalaiza, vile vitufe vya kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na sauti nyembamba, tena kwa kiasi. Kuongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hudai nguvu maradufu, na desibeli 10 hudai mara kumi, kwa hiyo ni afadhali kupunguza sauti za kati kuliko kuipandisha besi. Usiongozwe na maelfu ya wati za PMPO (nguvu ya kilele cha muda mfupi sana) yaliyoandikwa kwenye boksi, tafuta RMS (nguvu inayotolewa mfululizo). Wanaotumia sola wazingatie hili zaidi ya wote, kwa sababu amplifaya ya volti 12 isiyo na saketi ya kuongeza volti haiwezi kutoa zaidi ya takriban wati 18 safi kwa spika ya omu 4, hata boksi liseme nini.