Mkienda familia nzima kula supu za Kikorea Arusha, agizeni hivi

Wengi tukisikia mgahawa wa Kikorea tunawaza zile nyama za kuchomea mezani tu, na ni tamu kweli, lakini kama mnaenda na bibi na watoto nawashauri mle supu na mchuzi, hasa hii miezi ya Juni na Julai ambayo baridi ya Arusha haina utani. Tatizo ni kwamba kila mtu anashika menyu anajiagizia chake, matokeo yake mtoto analetewa pilipili tupu na bibi anakaa anaangalia wenzake wanakula. Hiki ni chakula cha kuchangia, kwa hiyo mtu mmoja ndo aagizie meza nzima, kimoja kisicho na pilipili, kimoja cha pilipili, kimoja cha mifupa au kuku, halafu kila mtu anachota.

Kabla hata hamjafungua menyu, swali la nguruwe. Familia zetu huku zimechanganyika, shemeji Muislamu, shangazi Msabato, na hizi supu usizihukumu kwa macho. Kimchi jjigae, ule mchuzi mwekundu wa kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili), mara nyingi unapikwa na nguruwe. Gamjatang ni mifupa ya mgongo wa nguruwe. Budae jjigae inawekwa soseji na nyama ya kopo, ambazo mara nyingi ni za nguruwe, ilianza baada ya vita vya Korea vya 1950 mpaka 1953, watu wakipikia nyama za makopo zilizotoka kwenye kambi za jeshi la Marekani. Hata kimchi yenyewe ambayo ni kabichi tu kwa kawaida inatiwa kamba waliotiwa chumvi au sosi ya samaki, na Msabato kamba hali. Muulize weita wazi kabisa, dada hii ina nguruwe, hii ina kamba, nyama imechinjwaje, na kama hana uhakika mwambie akaulize jikoni, wala usione aibu.

Kusoma menyu sio kazi, jina likiishia guk au tang tegemea supu yenye maji mengi, likiishia jjigae ni mchuzi mzito wenye chumvi zaidi, huo unaliwa na wali. Jeongol ni sufuria kubwa linalochemkia hapohapo mezani, la watu wawili kwenda mbele. Uliza kila chungu kinatosha watu wangapi na kama wali umo kwenye bei.

Kwa watoto chukua galbitang, mbavu za ng'ombe kwenye supu nyepesi, haina pilipili na nyama inaachia mfupa yenyewe. Wazee wapeni seolleongtang, mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa masaa mengi mpaka supu imekuwa nyeupe, ila inakuja haina chumvi na hawajasahau, chumvi na majani ya vitunguu unajiwekea mwenyewe, kwa hiyo mwenye presha anajipimia anavyotaka, mi naona hapo wamewaza vizuri sana. Samgyetang ni kuku mdogo mzima kajazwa mchele unaonata, vitunguu swaumu, kunazi kavu na mzizi wa jinsengi, Wakorea wenyewe wanaila siku za joto kali wakiamini inarudisha nguvu. Nayo chumvi yake inakuja pembeni, unachovya nyama. Piga simu kabla ya kwenda uulize kama ipo, hasa kama mnatoka Moshi, msitembee kilomita 80 mkakuta imeisha. Na kama kuna mama katoka kujifungua ulizia miyeokguk, supu ya mwani, Korea ndo chakula cha mzazi kama ulivyo mtori kwa Wachaga, na wanainywa pia siku ya kuzaliwa.

Sasa sundubu jjigae, hii ndo ninayoipenda kuliko zote, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) laini kabisa kwenye mchuzi wa pilipili. Inakuja kwenye chungu cha udongo bado inatokota, mapovu mekundu yanapanda mpaka ukingoni, na kwenye migahawa mingi unapewa yai bichi ulipasulie humohumo. Lipasue chungu kikifika tu, lifunike na tofu usilikoroge, subiri kidogo ute uwe mweupe, halafu chota kutoka chini kiini kikiwa bado kinamwagika. Ila vyungu hivi vinakaa na moto muda mrefu sana jamani, viwekwe katikati ya meza mbali na mikono ya watoto, omba bakuli ndogo mtu mzima ndo awachotee.

Vile visahani vya mboga vinavyotangulia, kimchi, figili, maharage yaliyochipua, mara nyingi havilipiwi na vikiisha unaongezewa, ulizeni tu. Msivimalize vyote kabla ya supu maana kimchi ya figili na seolleongtang vinaenda pamoja.

Kijiko ndo cha wali na supu, vijiti ni vya mboga na nyama, bakuli linabaki mezani haliinuliwi mdomoni, na vijiti usivisimamishe kwenye wali, kwao hiyo inafanywa kwenye matanga. Mkubwa wa meza ndo anaanza, msubirini babu ashike kijiko. Wali ukibaki umwage kwenye supu mle pamoja, ni kawaida kabisa.

Kimchi jjigae ikibaki ombeni mfungiwe, kesho yake ukiipasha inakuwa imekolea zaidi. Sundubu malizeni hapohapo.