Jinsi ya kutumia maneno ya Kiingereza ya maji yanayoenda taratibu, hata pale ambapo hakuna maji

Kuna siku niliandika ripoti ya kazini kwa Kiingereza, nikataka kusema malipo ya wateja yanaingia vizuri mfululizo, nikaandika "payments are trickling in" maana kichwani kwangu trickle ilikuwa ni kutiririka tu basi. Bosi akanipigia anauliza kwanini wateja hawalipi. Kumbe trickle sio kutiririka, ni kuchuruzika, yale maji ya uzi mwembamba bomba likiwa halijafungwa vizuri. Nilitakiwa kuandika "payments are flowing in". Neno moja tu, na ripoti nzima ikageuka.

Toka hapo nina utaratibu mmoja na ndo nataka uushike: kabla hujatafuta maana ya fumbo, yaangalie kwanza maji yenyewe. Ni mengi kiasi gani, yanaenda kwa mwendo gani, na je yanajiendea yenyewe au kuna kitu kinachukuliwa nayo? Ukishayaona, fumbo linakuja lenyewe.

Nenda kwenye bomba, kweli kabisa nenda. Lifungue kidogo mno yadondoke tone tone, hiyo ni drip. Ongeza kidogo yashikane yawe uzi, hiyo trickle. Ongeza tena yashuke mfululizo bila kukatika, hapo umefika stream. Sasa weka watu badala ya maji. "People trickled in" ni kikao cha saa tatu ambacho mpaka saa tatu na nusu watu wanaingia mmoja mmoja, wawili wawili, viti bado vitupu. "People streamed out" ni uwanja wa mpira mechi imeisha, geti limefunguliwa na watu wanatoka hawakatiki. Na drip-feed ni kumpa mtu habari kidogokidogo kwa makusudi, leo tone, kesho tone. Hata ile kustrimu video ni picha hiyohiyo, data inaingia mfululizo na wewe unaangalia huku inaingia, hungoji ndoo ijae.

Ukishaelewa trickle utaelewa pia kwanini trickle-down ni neno lenye ugomvi. Ni ile hoja iliyosikika sana Marekani enzi za Ronald Reagan, 1981 hadi 1989, kwamba matajiri wakipunguziwa kodi utajiri utashuka mpaka kwa watu wa chini. Wanaoitumia jina hilo mara nyingi ni wapinzani wa hoja yenyewe, na mi naona sababu iko ndani ya neno, maana kinachofika chini ni mchirizi.

Haya twende baharini, hapa watu wa pwani mna mtaji mkubwa. Ebb ni maji kupwa. We unajua maji hayapwi kwa mara moja, yanarudi nyuma taratibu karibu masaa sita mpaka ngalawa inakaa juu ya mchanga, kwa hiyo ebb inatumika kwa kitu kinachopungua polepole: "her anger ebbed away", hasira zikamwisha taratibu. Usiitumie kwa kitu kinachokatika ghafla, umeme wa mtaani ukikatika hiyo sio ebb hata kidogo. Mtu aliye "at a low ebb" yuko chini kabisa, hana nguvu wala moyo, ila naipenda hii kwasababu ina tumaini ndani yake, maji yakishapwa yatajaa tu. Na "ebb and flow" ni kupwa na kujaa, inafaa kwa biashara, mapenzi, afya, chochote cha kupanda na kushuka.

Ripple ni kiwimbi kile kinachosambaa ukitupa jiwe kwenye maji yaliyotulia. "A ripple of laughter" ni kicheko kidogo kinachopita ukumbini kutoka kiti hadi kiti, sio watu kuangua kicheko. Ripple effect ni jambo dogo linalosambaa mbali, mafuta yanapanda bei, nauli inafuata, halafu nyanya sokoni. Lap ni maji yanayolamba mchanga au ubavu wa mtumbwi, na inatokana na kitenzi cha zamani cha kunywa kwa ulimi kama paka, ndo maana "he lapped up the praise" ni mtu anasifiwa na anazilamba sifa zote.

Wengi wanachanganya flow na drift. Kinacho-flow kinaenda kwa wepesi, chenyewe. Kinacho-drift kinachukuliwa tu na maji, hakijachagua pa kwenda, kwa hiyo "we drifted apart" ni marafiki walioachana bila ugomvi, simu zilipungua tu mpaka zikaisha. Meander ni kupinda pinda kama mto, na kweli limetokana na jina la mto, leo unaitwa Büyük Menderes, magharibi mwa Uturuki. Ukisema matembezi yali-meander ni raha, ukisema hotuba ili-meander umeilaumu.

Kuvuja tayari unalijua kwa fumbo, mtihani umevuja, hiyo ni leak. Seep ni taratibu zaidi, kama unyevu unavyopenya ukutani huoni ulipoanzia: "doubt seeped in".

Kitu kingine, kariri kitenzi pamoja na kale kaneno kake: trickle in, ebb away, drift apart, lap up. Ukikabadilisha fumbo linaweza kubadilika au kuvunjika.

Mwisho angalia mtego wa brook. Kama jina ni kijito, lakini kama kitenzi ni kuvumilia, na hayana undugu wowote, ni maneno mawili tofauti ya zamani yaliyoishia kufanana. Hilo la kuvumilia karibu mara zote linakuja na kukataa, "she will brook no delay", hataki kusikia habari za kuchelewa, kwa hiyo ukiliona usianze kutafuta maji.