Maneno ya kubadilisha kabla hujapanda ndege

Ninapoombwa orodha ya maneno ya Kiingereza cha Marekani na cha Uingereza, huwa siitoi. Neno wasilolijua wenyeji halina shida. Ukisema "fortnight" ukiwa Chicago, utaulizwa ndiyo nini, utajibu wiki mbili, yamekwisha. Hangaika na yale ambayo kila mtu anayajua, ila kila mmoja kwa maana yake, maana hapo hakuna wa kukuuliza.

Anza na miadi. London, "first floor" ni ghorofa ya juu ya ile unayoingilia. Marekani ni hiyo hiyo unayoingilia. Mwingereza akikwambia "half seven" anamaanisha saa moja na nusu. Tarehe ndiyo balaa: 6/7 kwa Mwingereza ni tarehe 6 Julai, kwa Mmarekani ni Juni 7. Mimi huandika jina la mwezi, hata kwenye ujumbe wa simu. Na ukifika Afrika Kusini, mtu akisema atakuja "just now", usisimame mlangoni. Pengine ni baada ya saa nzima, au zaidi.

Dawa zinahitaji umakini kuliko yote. Paracetamol, Marekani huitwa acetaminophen, na imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Asiyejua kuwa ni kitu kimoja anaweza kumeza vyote viwili akazidisha dozi, na ini ndilo linaloumia. Soma jina la kiambato kwenye pakiti, achana na jina kubwa la biashara.

Mavazi na vifaa vina aibu tu, hakuna hatari. Ukisifia "pants" za mtu Uingereza ukidhani ni suruali, umesifia chupi yake. "Thongs" Australia ni ndala, Marekani ni chupi. Marekani usiombe "rubber" ukitaka kufuta penseli, utaonekana unataka kondomu, sema "eraser".

Lafudhi usiiguse. Badilisha neno, sauti ibaki yako. Kuigiza kunachosha anayesikiliza. Ukitilia shaka, rudia ulichoambiwa kwa maneno mengine: "Kwa hiyo napanda ghorofa moja juu ya mlango wa kuingilia?" Atakusahihisha papo hapo.

La mwisho ni choo. Uingereza uliza "toilet", Marekani "restroom", Kanada "washroom". Haya yakariri ungali angani, kwa sababu hutapata nafasi ya kuyatafuta kwenye simu.