Mtibeti mkimbizi na shahada ya uzamili ng'ambo: anza na karatasi, insha itafuata

Mtibeti aliyezaliwa kwenye makazi ya Watibeti nchini India, kama Bylakuppe au Dharamshala, akasoma shule za Tibetan Children's Village na kumaliza chuo Delhi, mara nyingi ana alama za kumfikisha chuo kikuu cha ng'ambo. Kinachomkwamisha ni karatasi. Jina lake limeandikwa namna tatu kwenye vyeti vitatu, hati yake ya kusafiria ni ngeni machoni pa karani wa udahili, na kibali cha kutoka India anakumbuka kukiomba wiki ya mwisho. Ndiyo maana tunaanza na hati, tunakuja kwenye Kiingereza, kisha fedha. Kama unataka kuingia darasani Agosti, anza kushughulikia hati Februari ya mwaka uliotangulia. Miezi 18 inaonekana mingi mpaka pale polisi wa wilaya wanapokawia na ripoti yako.

Hati zako ni zipi

India haikusaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kwa hiyo haitoi ile hati ya kusafiria ya mkataba ambayo mkimbizi aliyeko Kenya au Tanzania anaweza kuiomba, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haiwasajili Watibeti wa India, kwani serikali inawashughulikia yenyewe. Fomu ya ufadhili ikidai namba ya UNHCR, usiache nafasi wazi wala usibuni kitu. Andikia ofisi ya ufadhili, eleza kwamba ukimbizi wako unathibitishwa na cheti cha usajili cha serikali ya India, na uulize kama wanakikubali. Wapo wanaokubali na wapo wanaokataa, na ni heri ujue kabla ya kulipa ada ya maombi. DAFI, ufadhili wa UNHCR unaojulikana sana na wakimbizi wa Afrika Mashariki, si njia ya safari hii: inalipia masomo ndani ya nchi iliyokupokea, hasa shahada ya kwanza.

Hati ya kwanza ni RC, cheti cha usajili kinachotolewa na ofisi ya India ya usajili wa wageni. Hicho ndicho kibali chako cha kuishi India, na kina tarehe ya mwisho. RC iliyopitwa na wakati inazuia kila kitu kinachofuata. Ya pili ni IC (Identity Certificate), kile kitabu cha njano ambacho Mtibeti hutumia badala ya pasipoti. Kinatolewa na idara ya pasipoti ya India, na Bureau, yaani ofisi, ya Dalai Lama iliyoko Delhi husaidia kupeleka maombi. Lazima polisi wathibitishe anwani yako, na hapo ndipo miezi inapopotea: ukiwa umehamia Bengaluru kikazi huku RC yako ingali ya makazi ya Mundgod, afisa atagonga mlango usio wako na kuandika kwamba hukuonekana. Hamisha RC kwanza, halafu ndipo uombe IC.

Ya tatu ni Kitabu cha Kijani cha Utawala wa Watibeti walioko uhamishoni, yaani CTA, chenye michango ya kila mwaka iliyolipwa mpaka sasa. Hakina uzito kwa ubalozi wowote, lakini kwa ufadhili unaopitia CTA ndicho kinachothibitisha kwamba wewe ni Mtibeti. Lipa malimbikizo mapema, kwa sababu foleni ya msimu wa maombi ni ndefu.

Kuna suala la pasipoti ya India. Sheria ya Uraia ya 1955 inamtambua kuwa raia kila aliyezaliwa India kuanzia 26 Januari 1950 hadi kabla ya 1 Julai 1987, na Mahakama Kuu ya Delhi ilikubali mwaka 2010, kisha tena 2016, kwamba Watibeti wamo. Wengi wanaoomba uzamili leo walizaliwa baadaye, lakini aliyezaliwa kabla ya Desemba 2004 na mzazi mmoja aliyekuwa raia naye anaingia kisheria. Mtu aliyezaliwa 1998, ambaye mama yake alizaliwa Mundgod 1970, ana hoja. Ila usiikimbilie. Pasipoti inafungua ufadhili wa raia wa India, lakini inakudai urudishe RC na IC, inagusa haki zako katika makazi ya Watibeti, na inaweza kukuondoa kwenye ufadhili wa wakimbizi. Piga hesabu ya mlango unaofunguka na ule unaofungwa kabla ya kujaza fomu.

Aliyeko Nepal ana kazi ngumu zaidi. Serikali ya huko iliacha kutoa vyeti vya ukimbizi kwa Watibeti katikati ya miaka ya 1990, na vijana wengi hawana karatasi yoyote. Kama ni wewe, ongeza mwaka mzima kwenye ratiba, na usiombe udahili kabla hujajua utasafiri kwa hati gani.

Jina

Watibeti wengi hawana jina la ukoo. Mtoto hupewa jina na lama, yaani mwalimu wa dini, mara nyingi majina mawili, na maelfu wanaanza na Tenzin kwa heshima ya Dalai Lama wa sasa. Nyumbani unaitwa Dolma, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Tenzin Drolma, karani wa RC akaandika Tenzin Dolma, chuo kikachapisha Dolma peke yake. Tsering huwa Tshering, Choedon huwa Chodon. Kwa Mtibeti huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya chuo kikuu cha ng'ambo ni watu watatu.

Kaa chini na hati zako zote, chora jedwali, andika jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa kwa kila hati. Chagua hati moja iwe mama wa nyingine. Tunashauri iwe IC, kwa sababu ndimo viza itakamobandikwa. Zinazorekebishika, rekebisha: cheti cha kuzaliwa na RC kwanza, vyeti vya shule baadaye. Zisizorekebishika, tengeneza hati ya kiapo mbele ya wakili aliyeidhinishwa, ikitaja kila tahajia na kusema wote ni mtu mmoja, na tahajia hizo zinakiliwe kutoka kwenye vyeti vyenyewe, usiandike kwa kukumbuka. Mabadiliko makubwa zaidi, kama kuongeza jina zima, huhitaji pia tangazo gazetini na kwenye gazeti la serikali.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni mtego. Wazazi waliohesabu kwa kalenda ya Kitibeti walitoa makisio, na shule ikaandika 1 Januari. Kiapo hakitoshi kwa tofauti ya mwaka mzima. Hiyo irekebishwe kwenye hati yenyewe kabla hujaomba IC.

Shahada na mtihani wa Kiingereza

Shahada ya kwanza ya India kwa kawaida ni ya miaka mitatu, na vyuo kadhaa vya Marekani vinataka minne. Andikia idara unayoitaka kabla ya kuomba. Ikikataa, shahada ya uzamili ya India au stashahada ya mwaka mmoja baada ya shahada huziba pengo. Vyuo vya Ulaya vimezoea shahada ya miaka mitatu na havisumbui sana. Aliyesoma Central Institute of Higher Tibetan Studies huko Sarnath aambatishe maelezo ya ukurasa mmoja kwamba Shastri ni shahada ya kwanza na Acharya ni ya uzamili, na kwamba taasisi ina hadhi ya chuo kikuu tangu 1988. Usimwachie karani wa ng'ambo akisie.

Taarifa za alama zitolewe na chuo kikuu chenyewe, si koleji uliyosomea, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mkunjo. Agiza nakala sita. Kurudi kuomba ya saba kunaweza kula mwezi.

Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS hudumu miaka miwili. Tatizo liko mlangoni: msimamizi hukagua kitambulisho, na RC peke yake inaweza kukurudisha nyumbani bila kurudishiwa pesa. Kabla ya kulipia, andikia kituo barua pepe, uliza kama IC inakubalika, kisha chapisha jibu na uende nalo siku ya mtihani. Jisajili kwa jina lile lile la IC.

Fedha zinakotoka

Mpango unaojulikana zaidi ni Tibetan Scholarship Program, ulioanza 1988. Fedha ni za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, uendeshaji ni wa Tibet Fund ya New York, na uteuzi unapitia Idara ya Elimu ya CTA huko Dharamshala. Ni kwa Watibeti wakimbizi wa India na Nepal, na wanaochaguliwa wanatakiwa kurudi kuihudumia jamii yao. Ujue ukubwa wa mfuko: sheria ya Marekani ya 2020 kuhusu Tibeti iliidhinisha dola 675,000 kwa mwaka kwa mpango huu, kuanzia 2021 hadi 2025. Ukikadiria dola 100,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa miaka miwili, hizo hazifiki watu saba. Na fedha hizi hutegemea bajeti ya kila mwaka: mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada mingi ya nje, miradi ya Watibeti nayo ilitikisika. Soma tangazo la mwaka husika, usitegemee la aliyekutangulia, na usiweke yai lako la pekee humu.

Dalai Lama Trust hutoa ufadhili wa uzamili na uzamivu kwa wenye asili ya Kitibeti popote walipo, hadi dola 10,000 kwa mwaka. Huu ni wa kuziba pengo. Ada na malazi katika chuo binafsi cha Marekani vinaweza kupita dola 60,000 kwa mwaka, na chuo hakitakupa fomu ya kuombea F-1, viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza mzima. Watu hushangilia barua ya dola 10,000 mwezi Mei na kugundua Juni kwamba hawana pa kupata 50,000 zilizobaki. Utaratibu unaofaa ni kuomba kwanza vyuo vinavyosamehe ada au kutoa kazi ya usaidizi wa ufundishaji, halafu mfuko huu uje juu yake.

Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, hupuuzwa na Watibeti wengi bila sababu. Iko wazi kwa mataifa yote, inalipa ada na euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na maombi huwa kati ya Oktoba na Januari. Tatizo ni kwamba masomo huhama nchi, na kila nchi ya Schengen, eneo la Ulaya lenye viza ya pamoja, ina orodha yake ya hati za kusafiria inazozitambua. Chukua majina ya nchi zote za programu yako, andikia kila ubalozi ulioko Delhi, uliza kama IC inatambuliwa. Nchi moja ikikataa, badilisha programu kabla ya kuomba.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg na vyuo vichache vingine. Lakini viza inadai akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, au barua ya mfadhili anayelipa kiasi hicho.

Insha na barua

Kamati zimesoma mamia ya insha zinazoanza na 1959, mwaka Dalai Lama alipokimbilia India, na milima ya theluji. Historia ipe sentensi mbili. Maneno yaliyobaki yaende kwenye kazi: hospitali ipi ya makazi gani haina mtaalamu wa takwimu za afya, utasoma nini kuziba pengo hilo, utarudi kwenye kiti kipi. Barua ya mdhamini mmoja itoke kwa mwalimu aliyekufundisha chuoni na anayekumbuka kazi yako kwa jina. Barua ya lama mkubwa asiyejua tasnifu yako inasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Viza na safari

Ufadhili wa serikali ya Marekani hukupa viza ya J-1, ya mipango ya mabadilishano, yenye sharti la kukaa miaka miwili katika nchi uliyotoka kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani. Njia ya kusamehewa sharti hilo ni nyembamba. Ukijilipia au ukilipiwa na chuo, viza ni F-1 na unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, juu ya ada ya viza. Kwenye sehemu ya uraia, jaza kinacholingana na IC yako na usibadilishe jibu kutoka fomu moja hadi nyingine. Swali la afisa litakuwa moja: utarudi wapi, na India itakupokea? Mjibu kwa karatasi. Mwonyeshe IC yenye tamko la NORI, kwamba India haina pingamizi urudi, pamoja na RC hai na barua ya mwajiri anayekungoja.

Pima kifua mapema, hasa ukienda Uingereza, ambako kipimo cha kifua kikuu ni lazima kwa wanaotoka India kukaa zaidi ya miezi sita. Ugonjwa huu umewasumbua sana Watibeti wa uhamishoni, na matibabu huchukua takriban miezi sita. Ukigundulika Januari utapona kabla ya muhula. Ukigundulika Julai umepoteza mwaka.

Viza ikishatoka, omba kupitia mtandao wa FRRO, ofisi ya India ya usajili wa wageni, kibali cha kutoka na viza ya kurudi. Bila kibali, uhamiaji wa uwanja wa ndege unaweza kukuzuia ukiwa na tiketi mkononi. Linganisha tarehe ya mwisho ya viza ya kurudi na urefu wa masomo yako, na kama haitoshi, uliza kabla ya kuondoka namna ya kuiongeza ukiwa huko.

Mwenye jina moja tu ataona viza ya Marekani imemwandika FNU (First Name Unknown) mahali pa jina la kwanza, maana yake halijulikani, na jina lake likawekwa kama la ukoo. Hilo si kosa. Ukishaingia nchini, fungua mtandaoni I-94, rekodi yako ya kuingia Marekani, siku hiyo hiyo na uhakikishe imeandikwa vivyo hivyo, kwa sababu chuo, benki na ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii) zitanakili kutoka hapo.