Vumbi la krasha: namna ya kulitoa kwenye ripoti ya chuo mpaka kwenye banda la matofali

Kama wewe ni kijana wa SUZA au Taasisi ya Karume na umefanya utafiti wako wa vumbi la krasha, yaani ule unga unaobaki mashine ikivunja mawe kuwa kokoto, ukalitia kwenye matofali badala ya mchanga, matofali yametoka mazuri, maksi umepata, halafu ripoti ikawekwa kabatini na habari ikaishia hapo, basi haya nakuandikia wewe. Maana Unguja tunahangaika na mchanga kila siku, nenda Donge Chechele na Pangatupu uone mashimo yalobaki, na huku kwenye machimbo ya kokoto marundo ya vumbi yanazidi kupanda na mvua ikinyesha yanateremka mashambani kwa watu. Taka zipo, shida ipo, utafiti upo. Inayokosekana ni njia ya katikati.

Anza na mnunuzi. Wengi wanamaliza maabara kwanza ndo wanatafuta mteja, wewe geuza. Nenda kwenye banda la matofali, ukae na mwenyewe, umuulize mfuko mmoja wa saruji anafyatua matofali mangapi, tipa moja ya mchanga inamfikia kwa bei gani, mangapi yanamegeka wakati wa kupakia garini. Mambo ya megapaskali, kile kipimo cha nguvu ya tofali, weka kwanza pembeni, yeye anataka tofali lisimeguke pembe na saruji isizidi ile aliyozoea, basi. Majibu yake hayo ndo shabaha ya utafiti wako. Angalia taka zenye mnunuzi zinavyokwenda: kule Johannesburg wanasafisha upya malundo ya zamani ya mabaki ya migodi ya dhahabu tangu miaka ya 1970, wanayapiga maji ya presha, tope linapita kwenye mabomba mpaka plenti, kiwanda cha kuchenjulia, na dhahabu wanayoifuata haifiki hata gramu moja kwa tani. Hata wachimbaji wadogo wa Geita wanaishi kwa marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza. Imewezekana kwa sababu dhahabu ina bei na mnunuzi kila siku ya Mungu, vumbi letu halina, kwa hiyo mnunuzi umtafute mapema.

Sasa sampuli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anakwenda krasha, anachota kiroba kimoja pale chini ya rundo karibu na gari, anarudi nacho maabara, anakikausha, anakichekecha vizuri, na tofali linatoka zuri. Lakini rundo halifanani! Vumbi likimwagwa kutoka juu, chembe kubwa zinabingirika mpaka chini ukingoni, na ule unga laini unabaki juu na katikati, kwa hiyo ukichota chini tu umechukua lile bora na umejidanganya. Chota sehemu kumi hivi, chini, kati, juu, na pande zote, na uchimbe ndani kidogo usichukue ngozi ya juu iliyooshwa na mvua. Changanya zote kwenye turubai, fanya kirundo, kibonyeze kiwe bapa, kigawe robo nne kwa sepeto, tupa robo mbili zinazokabiliana, zilobaki changanya tena na ugawe tena mpaka ubaki na kiasi cha kubeba. Na urudie wakati wa masika, usitosheke na sampuli ya kiangazi, kwa sababu vumbi likirowa linaganda na kuziba chekeche, na mwenye banda anafyatua mwaka mzima.

Ukipima, angalia zaidi ule unga unaopita chekeche ya milimita 0.075. Ukizidi, mchanganyiko unakunywa maji, fundi anaongeza maji ili ulainike na nguvu inashuka, na lawama zote zinaangukia vumbi. Ila usiuhukumu kama udongo, mawe yetu ni ya chokaa na unga wake safi si adui wa saruji, adui ni udongo mwekundu wa juu unaoingia krasha pamoja na mawe kwa sababu shimo halikusafishwa kabla ya kuchimba. Kwa hiyo mwambie mwenye krasha aondoe udongo wa juu kwanza. Hiyo peke yake inaweza kukusaidia kuliko mashine ya kuoshea.

Halafu ndo majaribio, na yafanyike kwenye banda la yule mnunuzi, kwa mashine yake na mafundi wake. Saruji iwe ile ile, badilisha mchanga tu, robo, nusu, robo tatu, kisha vumbi tupu. Pima kwa mizani, usipime kwa ndoo, kwa sababu mchanga wenye unyevu unafura na ndoo inakudanganya, na vumbi nalo uzito wake si sawa na mchanga. Matofali yamwagiliwe na kufunikwa magunia yaliyorowa angalau siku 7, yasianikwe juani siku ya pili kama tunavyoona mitaani, kisha yavunjwe kwenye mashine siku ya 7 na ya 28. Andika yale mabovu pia, mnunuzi atakuamini zaidi.

Jambo moja usilifanyie mzaha, chumvi. Machimbo yaliyo karibu na pwani vumbi lake lipimwe kloridi, na mpaka majibu yaje liishie kwenye tofali lisilo na nondo. Nguzo na zege la juu usiguse, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani na nyumba inapasuka baada ya miaka watu wakiwa wamelala humo.

Wataalamu wana ngazi 9 za kupima teknolojia imefika wapi, kipimo kilichoanzia NASA, na tofali la maabara lipo kama ngazi ya 4 hivi. Kutoka hapo mpaka ya 7 ndo pagumu, chuo kinaona si utafiti tena na benki inaona bado si biashara. Hata saruji ya LC3, inayopunguza klinka, yale mawe yaliyochomwa tanurini ambayo ndo kiini cha saruji, mpaka kama nusu kwa kutia udongo uliochomwa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, ilibidi watafiti wa Uswisi, Cuba na India waende nayo kiwandani kweli, Cuba 2013, kabla ya viwanda kuanza kuiamini. Kwa hiyo omba pesa ya hatua hiyo kwa jina lake, sema ni majaribio ya bandani, usiifiche ndani ya utafiti.

Makaratasi yaende sambamba, usisubiri mwisho. Viwango ni ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, mazingira ni ZEMA, mamlaka ya mazingira, na kama umebuni kitu kipya hasa nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, kabla hujakitangaza kwenye semina. Na mkataba na mwenye krasha, jamani, uandikwe. Leo anakupa bure kwa sababu vumbi linamsumbua, kesho akiona matofali yanauzika atakutajia bei na huna pa kwenda. Andikeni kiasi kwa wiki, bei, muda, na nani anabeba gharama ya kupakia.

Kuhusu usafiri, vumbi ni zito na bei yake ndogo, kila kilomita inakula faida. Mashine iwekwe karibu na krasha, kisha tofali ndo lisafiri. Kwa Pemba usidhanie kulivusha vumbi kwa jahazi kutoka Unguja, haitolipa, tafuta machimbo ya huko huko na uanze upya na sampuli, kwa sababu majibu ya jiwe la Unguja si ya jiwe la Pemba. Na mafundi wapewe barakoa na vumbi limwagiwe maji kidogo kabla ya kupakuliwa, kuanzia siku ya kwanza ya majaribio.