Vijiti vimejaa, intaneti hakuna: ifuate paketi mpaka kwenye getiwei

Simu ikionyesha 4G vijiti vyote halafu ukurasa haufunguki, watu wanalaumu mnara. Mi kazi yangu ni kor netiweki (mitambo ya kati inayounganisha minara na intaneti) na nakwambia mnara mara nyingi unaonewa tu, tatizo liko mbele zaidi, kwenye getiwei, pale data yako inapotoka netiweki ya simu kuingia intaneti. Kwenye 3G iliitwa GGSN, 4G ni PGW (SGW yenyewe ndo inakushikilia ukiwa kwenye daladala unahama mnara hadi mnara), 5G ni UPF inayopokea maagizo toka SMF, msimamizi wake. Majina yanabadilika ila geti ni lilelile, data zote zinapita hapo na bando linahesabiwa hapo.

Hatua ya 1. Zima wifi, washa data, angalia IPv4 ya simu kwenye setingi, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Mara nyingi hazifanani, ya simu inaanza na 10 au 100. Ile ya kwenye tovuti mnaichangia watu kibao.

Hatua ya 2. Sasa tujenge ya kwetu. Tengeneza mashine mbili za Ubuntu kwenye VirtualBox, zote mode ya bridge. Ya kwanza weka Open5GS (ndo kor), ya pili UERANSIM, inayoigiza mnara na simu, zote za bure. Usibane vyote kwenye mashine moja, maana IP ya "simu" inakuwa ya mashine hiyohiyo na Linux inazitupa paketi ikiona kama zimeghushiwa.

Hatua ya 3. Weka IP halisi ya mashine ya kor kwenye amf.yaml (sehemu ya ngap) na upf.yaml (sehemu ya gtpu), hiyohiyo uiweke kama anwani ya AMF (sehemu ya kor inayosajili simu) kwenye faili la mnara, halafu sajili laini kwenye WebUI (ukurasa wa Open5GS wa kusajili laini) kwa IMSI (namba ya utambulisho wa laini) na funguo zilezile za open5gs-ue.yaml, faili la simu.

Hatua ya 4. Hapa ndo wengi tunakwama. Kwenye kor andika mistari miwili: wa juu unairuhusu kor kupitisha paketi za simu, wa chini unazivalisha IP ya kor zikitoka nje, kama ile IP ya kuchangia ya hatua ya 1 (ogstun ni mlango wa UPF wa upande wa simu):

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.45.0.0/16 ! -o ogstun -j MASQUERADE

Mara ya kwanza mi niliusahau huo mstari wa juu nikakesha mpaka alfajiri napekua faili za mnara, yani kitu kizima kilikuwa neno moja la sysctl.

Hatua ya 5, tamu kuliko zote. Washa mnara, washa simu, utaona uesimtun0 (mlango wa data wa simu yetu) imepata 10.45.0.2 au jirani yake. Piga ping -I uesimtun0 8.8.8.8, halafu kwenye kor fungua madirisha mawili ya kuchungulia paketi, moja tcpdump -ni any udp port 2152, lingine tcpdump -ni ogstun. Dirisha la kwanza huoni ping kabisa, unaona UDP length 100 kati ya mnara na kor. La pili ndo ping yenyewe imevuliwa koti, na ukiipima na heda yake ya IP ni baiti 84. Zile 16 za juu ni GTP, koti linalovalishwa data kati ya mnara na kor, ukiongeza UDP 8 na IP 20 ya nje koti zima ni baiti 44, ndo maana Open5GS inaipa simu MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya 1400 badala ya 1500.

Hatua ya 6. Tuharibu makusudi. Rudia ule mstari wa iptables ila badala ya -A weka -D. Simamisha ping uianze upya, ukiiacha ya zamani itaendelea kupita kwa sababu kernel bado inaikumbuka. Sasa angalia: simu imesajiliwa, IP inayo, mnara hauna kosa hata moja kwenye logi, na kwenye ogstun maombi yanatoka moja baada ya lingine, jibu hakuna.